Neva ya twiga, sumu ya koboko na mwili wa mwanao

Basi linalotoka Morogoro kwenda Iringa likishaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, abiria husogea dirishani. Barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na mtoto aliyekuwa amelala huamka ghafla: "Mama, twiga!" Hapo maswali huanza. Anakula nini? Analala amesimama? Mbona hapigi kelele?

Hilo la mwisho lina jibu refu kuliko mzazi anavyotarajia.

Twiga si bubu. Hukoroma kwa pua, huguna, na ndama wake hulia. Ila neva inayoendesha kisanduku chake cha sauti ina safari ya ajabu. Inatoka kwenye ubongo, inapita karibu kabisa na koo ambako ndiko inakohitajika, lakini haisimami. Inateremka shingo yote hadi kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha inapanda tena shingo yote hadi kooni. Kwa twiga mkubwa safari hiyo hufika mita 4 na zaidi, kwa kazi ambayo sentimita chache zingetosha.

Fundi umeme uliyemwambia avute waya kutoka sebuleni hadi jikoni asingeupeleka kwanza stesheni ya Kilosa halafu aurudishe. Ungemfukuza. Kwa nini basi mwili wa twiga umefungwa hivyo?

Wanabaiolojia wanajibu kwa kutazama samaki. Kwa samaki, neva hiyohiyo inakwenda moja kwa moja hadi kwenye matamvua, ikipita nyuma ya mshipa wa damu unaotoka moyoni. Njia ni fupi na haina tatizo. Mamilioni ya miaka yalipopita, wanyama wa nchi kavu waliotokana na samaki wakaota shingo, moyo ukashuka kifuani, na neva ikawa imenaswa nyuma ya ule mshipa. Kila kizazi shingo ilipoongezeka kidogo, neva nayo ikarefuka kidogo. Mabadiliko ya viumbe hayabomoi nyumba na kujenga upya. Yanaongeza chumba juu ya msingi uleule wa zamani.

Na wewe unayo. Neva yako ya sauti upande wa kushoto inashuka kifuani na kurudi kooni vilevile. Ndiyo maana daktari anayempokea mtu aliyekaukiwa sauti kwa wiki nyingi wakati mwingine humpiga picha ya kifua, na ndiyo maana mpasuaji anayetoa rovu huwa mwangalifu sana, kwani neva hiyo inapita jirani na kisu chake.

Nimeanza na twiga kwa sababu kuna jambo ambalo mzazi wa Kilosa, Mikumi au kokote anafaa kulijua: waya uliomo ndani ya mwili wa mwanao ni wa ukoo mmoja na waya wa twiga, wa panzi na wa minyoo. Undugu huo ndio unaofanya dawa ya kuulia wadudu iwe hatari kwa mtoto, sumu ya nyoka imzuie kupumua, na kirusi cha mbwa kipate njia ya kufika kichwani mwake.

Mshipa upi?

Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, na hata ngiri watu huiita mshipa. Katika makala haya nitasema neva kwa ule wa fahamu, ili tusije tukaelewana vibaya.

Neva si bomba. Ni fungu la nyuzi, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja. Ujumbe hupita kwa umeme, ingawa si umeme wa TANESCO unaotiririka kwenye waya. Nje ya uzi kuna chembe nyingi za sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na ndani kuna potasiamu nyingi. Seli inapostushwa, vijilango vidogo kwenye ngozi yake hufunguka, sodiamu ikaingia kwa kasi, na mlango wa jirani nao ukastuka ukafunguka. Ni kama watu waliojipanga foleni wakipokezana ndoo ya maji: ndoo inafika mbali, watu hawajasogea.

Wanasayansi wawili wa Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walieleza jambo hili mwaka 1952 kwa kumtumia ngisi, yuleyule anayekaangwa Feri. Ngisi ana uzi mmoja wa neva mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, hivyo waliweza kuingiza waya ndani yake na kupima. Mwaka 1963 walipata Tuzo ya Nobel. Walichokiona kwa ngisi kikawa ndicho kilichomo ndani ya chura, ng'ombe na binadamu.

Uzi ulioviringishiwa tabaka la mafuta hupeleka ujumbe kwa kasi ya kufikia mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa. Treni ya SGR inayopita Kilosa, kwa kilomita zake 160 kwa saa, haioni ndani. Uzi usio na mafuta huenda mita 1 hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwenda sokoni.

Mtoto wako amekwisha kukuonyesha tofauti hiyo. Akigusa jiko la mkaa, mkono unaruka kwanza, kilio kinafuata. Ujumbe wa haraka ulifika kwenye uti wa mgongo, na uti wenyewe ukaamuru mkono uondoke bila kusubiri ubongo. Maumivu ya kuwaka, yanayokaa, yanafuata nyuma kwa mwendo wa miguu. (Jiko likimuunguza, ni maji safi ya baridi ya kutiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iacheni kwa meno.)

Kuku aliyechinjwa naye anafundisha. Kichwa kimeshatoka, bado anapiga mbawa na kurusha miguu. Watoto huogopa wakidhani anateseka. Ukweli ni kwamba mpangilio wa kupiga mbawa na kukimbia umeandikwa ndani ya uti wa mgongo, na ubongo kazi yake ni kuuanzisha na kuuzuia. Mkia wa mjusi unaocheza sakafuni baada ya kukatika ni habari hiyohiyo.

Kichwa kilikuja baadaye

Sifongo wa baharini hana neva hata moja na anaishi vizuri tu. Konyeza, yule mnyama mlaini kama mlenda anayewasha ngozi ya waogeleaji Pwani, anazo neva lakini hana ubongo. Neva zake zimetandazwa mwili mzima kama wavu wa jarife. Wanyama wenye wavu wa namna hiyo walikuwapo baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Mnyama alipoanza kusonga upande mmoja, sehemu iliyotangulia ndiyo iliyokutana kwanza na chakula na hatari. Neva zikajazana huko. Nyungunyungu unayemkuta ukilima bustani ana kifundo kidogo cha neva mbele na kamba ndefu inayopita tumboni mwake. Panzi, mende na siafu wana mpango kama huo, kamba chini ya mwili, kifundo katika kila pingili. Ndiyo maana mende aliyekatwa kichwa anaendelea kutembea. Sisi na twiga, samaki na chura, kamba yetu inapita mgongoni.

Idadi zinashangaza. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni, asiyefika hata milimita 2, ambaye seli zake za neva zimehesabiwa zote: 302. Nyuki ana karibu milioni 1. Pweza ana takriban milioni 500, na nyingi kati ya hizo zimo mikononi mwake, si kichwani. Binadamu tuna kama bilioni 86.

Tembo je? Watafiti waliohesabu ubongo wa tembo wa Afrika, wakatoa matokeo mwaka 2014, walipata seli bilioni 257, mara tatu ya zetu. Lakini kati ya kila 100, karibu 98 ziko kwenye ubongo wa nyuma, ule unaoratibu miendo. Mkonga unaoweza kung'oa mti na pia kuokota punje ya hindi unahitaji msimamizi mkubwa.

Hapo nina neno kwa wanaotarajia kupata mtoto. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama kijibonde mgongoni mwa kiinitete, kijibonde hicho kikajikunja na kufunga kuwa bomba. Ndivyo inavyokuwa kwa samaki, ndivyo kwa twiga. Kwa binadamu bomba hilo hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati mama wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Lisipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa hufuatia. Vidonge vya foliki asidi hupunguza sana hatari hiyo, ila vinafaa kuanza kabla ya mimba. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa viwandani mwaka 2011, foliki asidi ikiwemo. Unga uliosagwa kinu cha jirani kwa kawaida hauna. Kama mnapanga kuongeza familia, ulizeni zahanati mapema, msingoje kliniki ya kwanza ya mimba.

Pilipili kwa tembo, si kwa kuku

Tembo wa Mikumi hawasomi mpaka wa hifadhi. Mahindi yakikomaa huvuka, na mkulima aliyelima msimu mzima huamka asubuhi akakuta mabua yamelala. Sehemu mbalimbali nchini wakulima wamefundishwa kuzungushia shamba kamba yenye vitambaa vilivyochovywa kwenye mchanganyiko wa pilipili iliyosagwa na oili chafu. Tembo akinusa, mara nyingi hugeuka.

Siri iko kwenye mlango mmoja wa neva. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko Marekani ilitambua kipokezi kinachostuka kwa pilipili, na kikawa ndicho kinachostuka kwa joto kali. Kwa hiyo mtoto anayelia kwamba pilipili "inamuunguza" anasema kweli kabisa kwa upande wa neva, maana ujumbe unaofika kwenye ubongo ni wa moto. Julius alipewa Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Sasa mtazame kuku uani. Anadonoa pilipili kichaa, mbegu na vyote, bila kutikisa kichwa. Kipokezi cha ndege kina umbo tofauti kidogo na pilipili haikigusi. Mpilipili umefaidika kwa hilo: mnyama mwenye meno angezisaga mbegu, ndege huzimeza nzima na kwenda kuzipanda mbali pamoja na mbolea.

Mwenye mtoto anayependa wanyama asiache kumsimulia pia kuhusu panya buku wa Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia akapata medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Panya huyohuyo jamaa yake akionekana shambani anaitwa mharibifu.

Chupa ya soda yenye dawa ya nyanya

Hapa ndipo undugu wa neva unapoanza kuuma.

Uzi wa neva haugusani na msuli. Kuna mwanya mdogo sana kati yao, na ujumbe huvushwa kwa kemikali. Moja ya kemikali hizo inaitwa asetilikolini. Neva inaimwaga, msuli unaipokea na kukaza, kisha kimeng'enya maalumu kinaifagia ili msuli ulegee. Kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, kila pumzi ya mtoto ni hivyo.

Asetilikolini ni ya zamani mno. Panzi anayo, kiwavi anayo, mnyoo anayo. Watengenezaji wa viuatilifu wakatafuta kemikali ya kukizuia kile kimeng'enya kinachofagia. Mdudu akiguswa, ujumbe unarundikana, misuli inakakamaa, anakufa. Aina nyingi za dawa zinazopigwa kwenye nyanya, vitunguu na mboga hufanya kazi kwa namna hiyo, na kimeng'enya cha mtoto wako hakitofautiani vya kutosha na cha kiwavi.

Ndiyo maana naona ile tabia ya kugawana dawa kidogokidogo kwenye chupa za soda na maji ni jambo la kutisha kuliko simba wote wa Mikumi. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma, anajua rangi ya chupa. Dalili zikianza ni za mwili unaovuja: mate mengi, machozi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya kalamu, kifua kukoroma, misuli kucheza, kisha degedege.

Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, vaa mifuko ya plastiki mikononi usije ukaipata na wewe. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ukidhani yanafyonza sumu. Mkimbize hospitali, na chukua chupa au kibandiko chake, kwani hospitali ina dawa ya kupambana na sumu hiyo na daktari akijua jina atapoteza muda mfupi zaidi.

Wapo watakaouliza: na chandarua chenye dawa? Dawa ya chandarua inatokana na mfano wa pareto, maua yanayolimwa nyanda za juu kusini, kule barabara hii ya Mikumi inakoelekea. Inang'ang'aniza wazi kile kijilango cha sodiamu tulichokitaja. Mlango wa mbu unadhurika kirahisi zaidi kuliko wetu, mbu ni mdogo, na mwili wetu una uwezo wa kuivunja dawa hiyo haraka. Kiasi kilichomo kwenye chandarua ni salama kwa mtoto. Mlaze humo bila wasiwasi.

Tatizo limekuja upande wa mbu. Baadhi yao walizaliwa na kijilango chenye tofauti ndogo, dawa ikashindwa kukishika, wakaishi, wakazaa. Majaribio yaliyofanyika Tanzania, Muleba na baadaye Misungwi, yalionyesha kwamba vyandarua vyenye kiambato cha pili huwakinga watoto na malaria vizuri zaidi pale mbu waliposhupaa. Matokeo ya Misungwi yalichapishwa mwaka 2022. Ukipewa chandarua kipya wakati wa ugawaji, kitumie hicho, cha zamani kisiwe cha watoto.

Koboko na nguchiro

Koboko na swila walifika kwenye ule mwanya wa neva na msuli zamani sana, kabla ya kiwanda chochote. Sumu ya swila ina protini zinazokaa juu ya kipokezi cha asetilikolini kama kijiti kilichovunjikia ndani ya tundu la kufuli. Ufunguo hauingii tena. Koboko anayo hiyo na nyingine zaidi, zinazovuruga neva upande wa pili. Misuli inalegea mmoja baada ya mwingine, ya macho ikitangulia.

Kwa hiyo mtoto aliyeumwa na nyoka akianza kusinzia macho, kope zikaanguka, akaona vitu viwiliviwili, akashindwa kumeza mate, usidhani ana usingizi wa uchovu. Sumu inaelekea kwenye misuli ya kupumua. Akiwa anahema, akili yake huenda bado iko timamu na anasikia kila mnachosema.

Kifutu ni tofauti. Yeye sumu yake huharibu nyama na damu, mguu ukavimba na kuchubuka. Huyo huwauma watu wengi kwa sababu halikimbii jambo, analala njiani akitegemea rangi yake imfiche.

Na nguchiro? Kila mtoto wa kijijini amesikia kwamba nguchiro hupigana na nyoka. Wazee walisema ana dawa anayokula porini. Wanasayansi walipochunguza kipokezi cha asetilikolini cha nguchiro walikuta kufuli lake limebadilika mahali padogo tu, palepale sumu ya nyoka inapotaka kushika. Ufunguo wa mwili bado unaingia, kijiti cha nyoka hakikai. Nyegere, ambaye si ndugu wa karibu wa nguchiro, amepata mabadiliko ya namna hiyo kwa njia yake mwenyewe. Ni hadithi ileile ya mbu na chandarua, safari hii tukiishangilia.

Mwanao hana kufuli la nguchiro. Mlaze, mtulize, fungia kiungo kilichoumwa kwenye ubao au fimbo kisitikisike, mvue bangili na viatu kabla hajavimba, na mbebeni. Asitembee. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba hadi mguu ufe ganzi, msipoteze saa mbili mkitafuta jiwe la nyoka. Akitapika au akisinzia mlazeni kwa ubavu. Msimtafute nyoka ili mumpeleke hospitali, mtu wa pili ataumwa. Dozi ya sumu aliyoitoa nyoka ni ileile kwa baba wa kilo 70 na mtoto wa kilo 12, ndiyo maana mtoto hana muda wa kupoteza. Kabla ya msimu wa mvua, uliza kituo chenu cha afya kama kina dawa ya sumu ya nyoka na kama hakina, ni hospitali gani inayo. Namba ya bodaboda anayepokea simu usiku nayo iwe kwenye simu yako.

Mbwa wa jirani

Nguchiro asiyeuawa na nyoka anauawa na kichaa cha mbwa. Vilevile mbweha, fisi, fungo, paka, ng'ombe, na mtoto.

Kirusi cha ugonjwa huu ni mwanafunzi hodari wa mfumo wa neva kuliko wote. Kikiingia kwenye jeraha pamoja na mate ya mnyama, hakiendi kwenye damu ambako kinga ya mwili ingekiona. Hujificha kwenye msuli, kikaingia kwenye ncha ya neva, kikabebwa ndani ya uzi kuelekea juu, sentimita chache kwa siku. Sumu ya pepopunda hutumia barabara hiyohiyo, lakini pepopunda ina chanjo ambayo watoto wengi wamechomwa tangu wachanga.

Safari ya kirusi kwa kawaida huchukua mwezi 1 hadi 3. Inaweza kuwa wiki chache, inaweza kuzidi mwaka. Inategemea, miongoni mwa mengine, umbali wa jeraha hadi kichwani. Hapo watoto wana hasara ya kimo. Mbwa anayemuuma mtu mzima hufika mguuni. Kwa mtoto wa miaka minne hufika mkononi, shingoni au usoni, ambako neva nyingi zimejazana na ubongo uko jirani.

Kikifika kwenye ubongo, kirusi hubadilisha tabia. Mbwa mpole anauma kila kitu, au anakuwa mzito, taya limelegea. Mbweha anayeogopa watu anaingia uani mchana kweupe. Mtoto akimwona mnyama wa porini anayejileta bila woga, asifurahi kwamba amepata rafiki. Baada ya ubongo kirusi huteremka kwenye tezi za mate, tayari kwa kuuma kwingine. Mgonjwa binadamu hukauka koo kwa mikazo ya maumivu, kiasi kwamba kikombe cha maji tu humtia hofu. Dalili zikishaanza, tiba haipo na karibu kila mgonjwa hufa.

Inakadiriwa kwamba Tanzania hupoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu, na Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Wengi huumwa na mbwa wanaowajua.

Lakini kwa sababu kirusi kinatembea polepole, kinaweza kupitwa. Louis Pasteur alilithibitisha Ufaransa mwaka 1885 kwa mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa. Chanjo ilianza baada ya kuumwa, kinga ikajengeka kabla kirusi hakijafika kichwani, mtoto akapona. Hadi leo tunashindana mbio hizo.

Mbio zinaanza bombani, au kwenye ndoo na kata kama bomba hakuna. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, tazama saa. Kirusi hiki kimevikwa ganda la mafuta na sabuni ya kufulia ya kawaida inalivunja. Usiweke pilipili, mafuta ya taa wala majivu, na usifunge jeraha kwa nguvu. Kisha kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Sindano ya kwanza ni siku hiyo, ya pili siku ya 3, ya tatu siku ya 7, na nyingine kadiri watakavyoelekezwa. Jeraha la kina, au la kichwani, huhitaji pia dawa ya kinga inayochomwa kuzunguka jeraha lenyewe.

Najua kinachowakwamisha wazazi. Chanjo inaweza kuwa ya kulipia, zahanati ya karibu inaweza kuwa haina, nauli hadi mjini ni pesa ya chakula, na jeraha limeshakauka mtoto anacheza. Mwezi mzima anacheza. Familia nyingi huacha baada ya sindano ya kwanza kwa sababu hiyo hasa, na jeraha lililokauka halionyeshi kirusi kimefika wapi kwenye neva.

Mbwa akiwa anajulikana, msimuue kwa hasira. Afungwe mahali salama na mtaalamu wa mifugo wa kata ajulishwe. Mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku alipouma huwa ameugua au amekufa ndani ya siku 10. Mtoto aendelee na sindano wakati huo wote, daktari ndiye wa kusema zisimame. Mbwa akipotea, hesabuni kwamba alikuwa mgonjwa.

Mbwa wetu wengi wana wenyewe, ila wanazurura. Chanjo ikiwafikia mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea kusambaa. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Gari la mifugo likitangaza kampeni mtaani kwenu, mtoto mkubwa ampeleke mbwa akiwa na kamba, na cheti kitunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Mtoto akiumwa, mfikapo kituoni mwambieni mhudumu mambo manne: mnyama gani, aliuma sehemu gani ya mwili, saa ngapi, na huyo mnyama yuko wapi sasa.